Hundi ikirudishwa, mdai asichelewe

Mchuuzi auzaye mbuta Dunga au omena Usenge, akapokea hundi au hati ya ahadi ya kulipa badala ya fedha taslimu, hulindwa na Sura ya 27 ya Sheria za Kenya. Hata hivyo, ulinzi huo una masharti yake.

Hundi sharti ipelekwe benki katika muda unaofaa. Kwa desturi, benki huikataa ikishapita miezi 6. Hati ya ahadi huwasilishwa kwa aliyeiandika siku malipo yake yanapoiva.

Malipo yakikataliwa, mdai amwarifu mara moja kila aliyetia saini nyuma ya karatasi hiyo. Ikiwa wote wawili wanaishi Kisumu, taarifa imfikie kesho yake. Ikiwa mwenzake yuko Mbita, taarifa itumwe kesho yake. Asiyearifiwa huweza kuepuka deni. Lakini aliyeandika hundi pasipo fedha za kutosha katika akaunti hawezi kujitetea kwamba hakuarifiwa.

Mdai ana miaka 6 ya kufungua kesi ya madai. Aidha, kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu humtoza anayetoa hundi huku akijua akaunti yake haina fedha za kutosha faini isiyozidi Sh50,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Kosa hilo halihusu hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele. Anayeipokea hundi ya namna hiyo ajue kwamba tegemeo lake ni kesi ya madai.