Ahadi ni Deni: Habari za Wakristo Waliongoja Mapadre Karibu Miaka Mitatu

Tumeombwa kuandika maneno machache katika kitabu hiki cha jubilei ya jimbo letu, nasi tumekubali kwa furaha, ingawa hatukusomea historia. Sisi ni makatekista wa vigangoni. Mkono mmoja washika jembe, na wa pili washika katekisimu. Lakini jubilei ni wakati wa kukumbuka, naye mwenye kukumbuka hana budi kujiuliza: Ni nini kilichowashika wale waliotutangulia katika imani, hata wasirudi nyuma? Jibu letu ni fupi: waliiamini ahadi ya Mungu. Jinsi walivyoiamini, hilo ndilo tutakalo kulieleza hapa.

Huku kwetu Nyambureti, katika nchi ya Wangoreme, swali moja hutujia mara nyingi, hasa wakati wa masika, njia zinapoharibika na padre akakawia kufika. Siku ya Jumapili watu hukusanyika kanisani, hukaa, hutazama njia. Halafu katekista husimama, husoma Neno la Mungu, huongoza sala, na watu hurudi makwao pasipo Misa. Siku moja bibi mmoja mzee alitushika mkono mlangoni, akatuuliza: "Mwalimu, mwatufundisha kwamba Bwana aliahidi kutokutuacha. Je, ahadi hiyo huja pamoja na padre? Padre akikwama njiani, nayo hukwama?"

Tulikosa jibu la upesi. Tukamwambia, "Bibi, utupe muda." Tukaenda kuzitafuta habari za wale waliongoja kabla yetu, nao hawakuwa mbali, walikuwa kando ya ziwa hili hili la Nyanza ambalo maji ya mto wetu wa Mara huingia ndani yake. Zisikieni.

Mwaka 1868 Askofu Lavigerie wa Algiers alianzisha chama cha Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Mwaka 1878 kundi lao la kwanza lilitoka Bagamoyo kwa miguu, likashika njia ya Tabora. Padre Pascal, mmoja wa wakubwa wa msafara, alikufa njiani mwezi wa Agosti, kabla hajaiona nchi aliyotumwa. Wenzake walimzika, wakaendelea. Mwisho wa mwaka ule wale waliopangiwa Nyanza walifika Kageye, upande wa kusini wa ziwa, katika nchi ya Wasukuma. Kutoka hapo Padre Lourdel na Bruda Amans walipanda mtumbwi, na tarehe 17 Februari 1879 wakafika Buganda. Waganda walimwita padre yule "Mapera," maana ndivyo masikio yao yalivyoyapokea maneno ya Kifaransa ya kumwita padre.

Kabaka Mutesa aliwapokea vizuri. Lakini katika ikulu yake mlikuwa na mashindano mengi. Waislamu walikuwa wametangulia. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walikuwa wamefika mwaka 1877. Naye Kabaka leo aliegemea huku, kesho kule. Tena Lavigerie alikuwa ameweka sheria kwamba mkatekumeni afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa, asije akaupokea ubatizo kama mtu apokeavyo nguo mpya. Kwa hiyo Wakristo walikuwa wachache. Wanne wa kwanza walibatizwa tarehe 27 Machi 1880, katika mkesha wa Pasaka. Tarehe 30 Aprili 1882 walibatizwa Yosefu Mukasa, mtumishi wa ikulu, na Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Tarehe 28 Mei, siku ya Pentekoste, wakabatizwa Mathias Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu, watu wa Mityana.

Basi, mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 1882, mapadre wakaondoka.

Tusiwalaumu. Moyo wa Kabaka ulikuwa umegeuka, na Padre Livinhac, mkuu wao, aliogopea maisha ya wenzake na ya watoto waliowakomboa utumwani na kuwalea. Walivuka ziwa kurudi kusini, na mwaka 1883 wakajenga Bukumbi, karibu na Mwanza, wakingoja mlango ufunguliwe tena. Lakini na tufikiri hali ya wale walioachwa. Mukasa na Kaggwa walikuwa hawajatimiza miezi saba tangu ubatizo wao. Mathias na Luka hawajatimiza sita. Hawakuwa na Misa, wala Kitubio, wala Komunyo. Biblia nzima katika lugha yao ilikuwa bado haijachapwa. Hakuna aliyewaambia mapadre watarudi mwezi gani, wala kama watarudi. Walikuwa na ubatizo wao, sala walizoshika kwa moyo, na ahadi ya Bwana kwamba hatawaacha yatima.

Je, walikaa ufukweni kutazama ziwa? Hapana. Yosefu Mukasa aliwafundisha vijana wa ikulu, akawalinda na mabaya yaliyofanyika humo. Andrea Kaggwa aliifanya nyumba yake kuwa shule ya dini. Aliwaendea wagonjwa, na waliokuwa katika kufa akawabatiza. Mathias alikuwa mtu mwenye cheo kule Ssingo; aliwaacha wake zake wengine akabaki na mmoja, wala hakuona haya kubeba mzigo kichwani kama mtu wa chini. Yeye na Luka waliwakusanya watu wa Mityana kwa sala na mafundisho. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa padre. Walikuwa watu kama sisi: mpiga ngoma, mtumishi, msaidizi wa mtawala.

Mwezi wa Oktoba 1884 Mutesa alikufa, na Mwanga mwanawe akatawala. Yeye aliwaita mapadre warudi, nao wakarudi mwezi wa Julai 1885. Waliliacha kundi dogo, wakalikuta kubwa. Kwa karibu miaka mitatu shamba lilikuwa halina mwangalizi, na mbegu iliota.

Ingekuwa rahisi kuzifunga habari zetu hapa na kusema: Mwaona, aaminiye hupata. Lakini tungekuwa tumemdanganya yule bibi, na ninyi pia. Kwani haikupita miezi mitano tangu mapadre kurudi, na Yosefu Mukasa akauawa. Tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Kianglikana alikuwa ameuawa huko Busoga kwa amri ya Mwanga. Mukasa alimwonya Kabaka juu ya damu ile, akaikatalia nia yake mbaya juu ya vijana. Tarehe 15 Novemba akakatwa kichwa, akachomwa moto. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga, aliyeshika mahali pake kuwaongoza vijana, alipokea ubatizo. Tarehe 26 Mei 1886 Kaggwa naye aliuawa. Mathias alikatwa viungo akaachwa afe polepole. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa Bwana, Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Kati yao alikuwamo Kizito, aliyekuwa bado kijana mdogo. Kizito na wenzake kadhaa walikuwa hawajabatizwa, na katika saa ile ya hatari Lwanga mwenyewe aliwabatiza. Wakatoliki waliouawa tangu 1885 hata 1887, ambao leo twawaheshimu kuwa watakatifu, walikuwa 22. Nao Waanglikana wengi walikufa kwa jina lile lile la Yesu, wengine katika moto ule ule wa Namugongo.

Basi, ahadi iko wapi? Swali hili si dogo, wala si la siku zile tu. Siku hizi pia husikika watu wakihubiri kwamba ukiamini, ng'ombe wako hawataibiwa, mtama wako hautakauka, mtoto wako hataugua. Mtu akiiamini ahadi ya namna hiyo, mwaka wa kwanza wa ukame humtoa kanisani. Tuitazame vema ahadi yenyewe. Bwana hakuwaahidi wanafunzi wake usalama wa mwili. Aliwaambia wazi kwamba watachukiwa na kupelekwa mbele ya wafalme. Alichowaahidi ni kuwa pamoja nao, na kwamba mauti hayatakuwa na neno la mwisho. Vijana wa Namugongo walilijua jambo hilo. Hawakwenda motoni wakidhani moto hautawaka.

Mzee wetu Abrahamu alikuwa vivyo hivyo. Mungu alimwahidi nchi nzima, yeye na uzao wake. Lakini Sara alipokufa, Abrahamu hakuwa na hata kipande cha ardhi cha kumzikia. Ilimpasa kwenda kwa wenyeji, kuwainamia, na kununua shamba la Makpela kwa fedha. Katika nchi aliyoahidiwa, akanunua kaburi! Wala hakusema kwamba Mungu amemdanganya. Alimzika mkewe katika nchi ile, maana yake aliamini kwamba watoto wake watakaa hapo.

Sisi watu wa Mara twaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi. Wazee husema ahadi ni deni. Nasi twajua deni la ng'ombe lilivyo. Mtu akiwiwa ng'ombe na mwenzake, na wote wawili wakifa, deni halizikwi pamoja nao. Wana wao hulijua, wazee hulishuhudia, na siku yake ikifika, mwana hupokea alichoahidiwa baba. Tena jina hili la Nyambureti ni jina la rika mojawapo la vizazi, kama Saai, Gamunyere na Maina. Baba akiwa wa rika moja, mwana huingia lifuatalo, hata mzunguko urudi ulikoanza. Hakuna rika lililomaliza mambo yote peke yake. Kila moja hupokea na kukabidhi. Ndivyo ahadi ya Mungu itembeavyo kati ya watu. Hulipwa mara nyingi kwa wana, na aliyeiamini kwanza haibiwi, kwa kuwa Mungu wa walio hai humhesabu pamoja nao.

Tuhesabu basi, kwa kuwa ni jubilei. Mwaka 1882 Mathias na Kaggwa waliachwa bila padre hata mmoja. Mwaka 1913, katika nchi ile ile, Bazilio Lumu na Viktori Mukasa walipewa upadre, Waganda wenyewe. Mwaka 1917 mapadre wa kwanza wenyeji wa nchi yetu walipadirishwa Rubya, upande wa Bukoba. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu. Na kwetu? Mapadre walikanyaga Kageye mwisho wa 1878; walipofungua misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, ilikuwa mwaka 1911. Ni miaka zaidi ya 30 kwa safari ambayo mtumbwi ungeimaliza kwa siku chache. Mwaka 1946 wakaja mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani, na mwaka 1957 Musoma ikawa jimbo, askofu wake wa kwanza akiwa John Rudin. Wazee wetu waliokufa kabla ya 1911 hawakuijua hesabu hii. Lakini Mungu alikuwa hajawasahau. Yeye hakawii kama sisi tunavyokawia.

Kutokana na habari hizi tumejifunza neno moja, nalo twataka kuwaachia. Kuingoja ahadi ni kazi. Anayeiamini kweli hujulikana kwa anayoyafanya wakati wa kungoja. Padre asipofika, mgonjwa bado yupo nyumbani, naye ahitaji kutembelewa. Mtoto bado hajui Baba Yetu, naye ahitaji kufundishwa. Aliye katika kufa na hajabatizwa, maji yapo, na Kanisa lampa kila mwenye nia njema ruhusa ya kumbatiza katika hatari ya namna hiyo. Majirani wawili waliogombana kwa mpaka wa shamba bado hawasemezani. Kaggwa alipoyatenda mambo kama haya hakuwa anajaza nafasi ya ahadi iliyokawia. Ahadi yenyewe ilikuwa ikitimia mikononi mwake, kwa kuwa Bwana alikuwa pamoja naye.

Lakini tusiseme pia kwamba padre si kitu. Wakristo wale walimtamani padre, wakaililia Misa, na mapadre waliporudi waliwakimbilia kwa furaha. Nasi tuombe miito, tuwatoe vijana wetu, tuzitengeneze njia zetu kwa jembe tusimwachie Mungu kazi ya sepetu.

Tulikwenda kwa bibi yule tukamsimulia yote, tangu Kageye hata Namugongo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe nao walitazama njia."

Tukamjibu, "Walitazama, bibi. Na huku wakitazama, walifundisha."

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha, na padre hakufika. Tulipoingia kanisani tulimkuta bibi amefika mbele yetu, amekaa na wajukuu watatu, akiwafundisha kufanya ishara ya msalaba.

Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Tumsifu Yesu Kristo.