Ardhi ya Amana

Watu wa pwani yetu, kutoka Lamu hadi Vanga, wanalijua vizuri neno wakfu. Mtu mwenye shamba au nyumba aweza kutamka kwamba mali yake ni wakfu, na tangu siku ile haiuzwi, hapewi mtu, wala hairithiwi. Mnazi hubaki pale pale, na nazi zake huenda msikitini, kwa maskini, au kwa wanafunzi wa chuo. Msimamizi huwekwa, naye si mwenye mali bali ni mlinzi wake. Akifa, mwingine hushika mahali pake. Fikira hii, kwamba mtu aweza kuishika ardhi kwa nguvu zote za sheria na bado isiwe yake, si ya dini moja wala ya nchi moja. Katika karne ya 19 ilizuka Marekani na Uingereza kwa njia nyingine, watu wakaunda vyama visivyotafuta faida ili vishike ardhi kama amana kwa ajili ya umma. Habari za vyama hivyo zafaa kujulikana kwetu, maana zafundisha mambo mawili: jinsi ardhi inavyookolewa, na jinsi kazi ya kuitunza inavyoizidi kazi ya kuiokoa.

Zamani vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na ardhi ya ushirika. Hapo wanakijiji walilisha ng'ombe na kondoo, waliokota kuni, na walikata majani ya kuezekea. Lakini wakubwa wenye ardhi waliitamani, nao walikuwa na sauti katika Bunge. Baina ya mwaka wa 1604 na mwaka wa 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi za ushirika na mashamba ya wazi. Eka zipatazo milioni 6.8 zilipata mabadiliko hayo, nazo ni zaidi kidogo ya sehemu moja katika tano za Uingereza. Maskini wengi walihamia mijini kufanya kazi katika viwanda, na miji ilipokua ikaanza kumeza hata vile viwanja vichache vilivyosalia kando yake.

Katika mwaka wa 1865 kilianzishwa London chama cha kutetea ardhi za ushirika, na mwaka wa 1868 mwanasheria wake akawa kijana aitwaye Robert Hunter. Huyu alikuwa mtu wa hati na vitabu. Alizisoma haki za zamani za wanakijiji, akazipeleka mahakamani, na mara nyingi wakubwa walilazimika kubomoa nyua zao. Lakini Hunter aliona upungufu mkubwa katika kazi yake: chama kiliweza kutetea ardhi, ila hakikuweza kuimiliki. Kesi ilipokwisha, kilibaki mikono mitupu.

Wakati huo huo Bibi Octavia Hill, aliyezaliwa mwaka wa 1838, alikuwa akisimamia nyumba za kupangisha maskini katika mtaa wa Marylebone. Aliona kwamba kutengeneza paa na kuta hakutoshi. Watoto walikuwa wakicheza katika vichochoro visivyo na jani hata moja. Mwaka wa 1875 alijaribu kuokoa viwanja vya Swiss Cottage, mahali pa wazi palipokuwa karibu na mitaa ya maskini. Alichangisha fedha nyingi kwa muda wa majuma machache tu. Lakini wenye ardhi walibadili nia, na nyumba zikajengwa juu ya majani yale. Bibi Hill alihuzunika, ila hakukata tamaa.

Somo la pili lilikuja mwaka wa 1884. Mzee mmoja wa ukoo wa Evelyn alitaka kuutolea umma bustani ya wazee wake huko Deptford, iliyoitwa Sayes Court. Ndipo ilipoonekana shida ya ajabu: mtoaji yupo, zawadi ipo, lakini mpokeaji hayupo. Hapakuwa na chama kilichokuwa na haki ya kisheria kushika ardhi daima kwa ajili ya watu wote. Hunter alitoa shauri kwamba iundwe kampuni ya kufanya kazi hiyo. Bibi Hill alipendezwa na shauri lenyewe, ila neno kampuni halikumpendeza. Mwaka wa 1885 alimwandikia Hunter kwamba neno amana lingefaa zaidi, kwa kuwa watu wangejua kwamba hapa hapatafutwi faida bali hutendwa wema. Inasemekana kwamba Hunter alichukua kalamu ya risasi akaandika juu ya barua ile maneno mawili na alama ya kuuliza: Amana ya Taifa?

Alama ile ya kuuliza ilikaa miaka 10 bila kujibiwa. Katika muda huo Marekani ilitangulia. Charles Eliot, kijana mpangaji wa bustani katika jimbo la Massachusetts, aliandika gazetini mwaka wa 1890 akitoa hoja nyepesi kufahamika: ikiwa maktaba huwekewa wadhamini wa kutunza vitabu, na majumba ya sanaa huwekewa wadhamini wa kutunza picha, kwa nini mandhari nzuri ya nchi isiwekewe wadhamini wake? Mwaka wa 1891 jimbo lilipitisha sheria ya kuwapa wadhamini hao uwezo wa kushika ardhi kwa ajili ya umma. Eliot alifariki mwaka wa 1897, akiwa na umri wa miaka 37 tu; lakini chama alichokianzisha kingali hai hadi leo, na vyama vingi vya Marekani vya kuhifadhi ardhi vimefuata nyayo zake.

Waingereza walijifunza kwa Wamarekani. Kasisi Hardwicke Rawnsley, mtu wa nchi ya maziwa ya kaskazini, aliposikia kwamba ardhi nzuri ya huko inauzwa, alirudi kwa Hunter na Bibi Hill akawahimiza. Hivyo tarehe 12 Januari 1895 Amana ya Taifa iliandikishwa. Mwaka huo huo Bibi Fanny Talbot aliipa zawadi yake ya kwanza: eka nne na nusu za mteremko wa mawe unaotazama bahari, huko Dinas Oleu katika Wales. Bibi Hill alifurahi, lakini alijiuliza kama zawadi ile ya kwanza isingekuwa ndiyo ya mwisho.

Haikuwa ya mwisho. Mwaka wa 1902 Amana ilinunua eka 108 za Brandelhow, kando ya ziwa Derwentwater, kwa pauni 6,500. Fedha hizo zilitoka kwa watu wengi sana, matajiri na mafukara. Mfanyakazi mmoja alileta shilingi mbili, akaeleza kwamba hana uwezo wa kutoa zaidi, lakini aliliona ziwa lile mara moja tu na hawezi kulisahau. Haba na haba hujaza kibaba. Kisha mwaka wa 1907 Bunge lilitunga sheria iliyoipa Amana uwezo mkubwa: halmashauri yake yaweza kutangaza kwamba ardhi fulani haiuzwi wala haiwekwi rehani milele. Hata viongozi wa Amana wenyewe hawawezi kuitengua ahadi hiyo, iwapo siku moja watakuwa na tamaa au shida. Hapa ndipo amana ya Waingereza inapofanana kabisa na wakfu wetu.

Mtu aweza kudhani kwamba habari imekwisha: ardhi imenunuliwa, sheria imeifunga, adui amezuiwa langoni. Lakini nusu ya pili ya kazi ndiyo iliyo ngumu zaidi, na ushahidi wake uko Wicken Fen.

Wicken Fen ni kinamasi katika mashariki ya Uingereza, chenye wadudu na mimea isiyopatikana kwa urahisi kwingineko. Amana ilinunua eka zake mbili za kwanza mwaka wa 1899 kwa pauni 10. Kwa karne nyingi wanakijiji walikuwa wakikata majani marefu ya kinamasi kile kwa kuezekea nyumba, na wakichimba udongo wake mweusi ambao ukikaushwa huwaka kama kuni. Baadaye mapaa ya majani yalipungua, soko likaanguka, na wakataji wakaacha kazi. Wengi wangaliweza kusema kwamba hiyo ni heri, maana kinamasi sasa kitapumzika. Kumbe sivyo. Panga lilipoondoka, vichaka viliingia. Vilikua, vikatia kivuli, na mimea iliyohitaji jua ikapungua. Mashamba ya jirani nayo yalikuwa yakitolewa maji kwa mitambo, na kinamasi kikazidi kukauka. Kulikuwako kipepeo mkubwa mzuri ambaye viwavi wake hula mmea mmoja tu wa kinamasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kipepeo huyo alitoweka Wicken, na majaribio ya kumrudisha hayakufaulu. Hakuna mwizi aliyeingia wala hakuna hati iliyovunjwa. Ardhi ilikuwa imefungwa kwa sheria yote, na bado kitu cha thamani kilipotea ndani yake.

Tangu hapo watunzaji wamejifunza. Vichaka hukatwa, majani hufyekwa kwa zamu ya miaka kadhaa, maji hupandishwa, na ng'ombe na farasi wadogo hulishwa humo ili wafanye kazi ambayo zamani ilifanywa na watu. Tangu mwaka wa 1999 Amana ina shabaha ya kukipanua kinamasi hicho katika muda wa miaka 100. Wanaoianza kazi hiyo wanajua kwamba hawatauona mwisho wake.

Basi kiongozi wa chama cha namna hii hufanya kazi gani? Si hodari wa kuomba fedha peke yake. Huwa na hati za kila shamba, huitembelea mipaka kwa miguu, na huandika mimea na wanyama walioonekana mwaka huu ili awalinganishe na wa mwaka jana; mali bila daftari hupotea bila habari. Huzungumza na majirani, kwa maana maji, moto na mifugo havijui mpaka wa hati. Mara nyingine hapana budi akatae zawadi, kwani ardhi isiyokuja na fedha za kuitunza ni mzigo. Juu ya yote, huwakumbuka watu wanaoishi hapo. Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za watoto, alipofariki mwaka wa 1943 aliiachia Amana zaidi ya eka 4,000 za nchi ya maziwa. Alitaka wakulima waendelee kulima humo, na kondoo wa asili ya milima ile waendelee kufugwa. Aliifahamu siri ya Wicken: uzuri wa nchi nyingi umetengenezwa na mikono ya wenyeji wake.

Kwetu Kenya siri hiyo haikutambuliwa mapema. Mbuga ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka wa 1946, Wamaasai waliokuwa wakilisha pale walihesabiwa kuwa kizuizi, ijapokuwa wanyama walikuwa wameishi pamoja na mifugo yao siku nyingi. Lakini sisi pia tunao mfano wetu mwema. Wazee wa Kimijikenda wamezilinda kaya zao kwa miiko iliyokataza kukata mti, na mwaka wa 2008 misitu ya kaya hizo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tena Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 inaziwezesha jamii kuandikisha ardhi kwa jina lao wenyewe. Kamba ya kuifunga ardhi tunayo.

Linalobaki ni swali la Wicken. Hati itakaa katika sanduku, nayo haitafyeka kichaka wala kuzima moto. Mwiko wa kaya hulinda msitu maadamu yuko kijana anayeujua na kuuheshimu. Wazee wakifa bila kumpata huyo, msitu umebaki bila ukuta. Hunter, Bibi Hill na Rawnsley walikwisha kufariki wote ilipofika mwaka wa 1920, na mteremko wa Dinas Oleu ungali pale, kwa sababu katika kila kizazi ametokea mtu wa kuipokea amana kutoka mkononi mwa aliyetangulia. Ninyi mnaosoma habari hizi mmekaribia umri wa kupokea.