Uhimili wa mbano: jiwe gumu laweza kuwa dhaifu

Jiwe la mchanga ambalo chembe zake hazikushikana vizuri hufikichika kwa vidole. Ila ichukue chembe moja ya kwatzi iliyobaki kiganjani: iko namba 7 kwenye mizani ya Mohs ya ugumu, na kioo inakikwaruza. Matumbawe yaliyojengea Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni kinyume chake. Ni chokaa, namba 3 hivi, hata kisu kinayachuna, na bado kuta zimesimama karne kadhaa. Sasa lipi gumu?

Mtaani kutokwaruzika na kutovunjika yote ni "ugumu", na hakuna anayepata hasara. Mchoronga kisima cha gesi anaipata. Yeye anataka kujua mwamba utabanwa kiasi gani kabla haujavunjika, na hilo naliita uhimili wa mbano. Wapo wanaosema "nguvu ya mgandamizo". Siwafuati: neno nguvu limeshatwishwa mengi mno katika fizikia yetu, na jiwe halitoi nguvu, linahimili, kama fundi anavyosema nguzo inahimili mzigo.

Kuupima, unakata mcheduara wa mwamba, urefu kama mara mbili ya kipenyo, unaubana kwenye mashine hadi upasuke, kisha unagawa kani kwa eneo la kitako. Jibu huja kwa megapaskali: jiwe hafifu la mchanga halifiki 20, graniti nyingi hupita 100.

Shida ni kuupata huo mcheduara. Bonde la Mandawa, kusini mwa Tanzania, lina visima vichache. Pasipo sampuli, wahandisi hukisia uhimili kutokana na kasi ya sauti ndani ya mwamba, kwa kanuni ambazo nyingi zilitungwa kwa miamba ya mabonde ya mbali, kama Ghuba ya Meksiko. Wakikisia juu mno, watatumia tope la kuchorongea lililo jepesi mno kuzishikilia kuta za kisima, nazo zitaporomoka, keekee inase.

Halafu kuna chumvi. Kisima cha Mandawa-7, cha miaka ya 1950, kilipita kwenye tabaka zake nene. Hapo hata uhimili wa mbano hautoshi, maana chumvi ikielemewa muda mrefu haisubiri kuvunjika: hujongea taratibu na kulikaba bomba. Tabia hiyo naipendekezea "mtambao". "Unyumbufu" haufai, kwani kilichonyumbuka hurudi kilipokuwa mzigo ukitoka. Chumvi iliyotambaa hairudi.