Besi Iliyopungua Uzito

Vyumba vingi vya mitaa ya zamani ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia nyumba za reli za Makongeni hadi Bahati na Shauri Moyo, vilijengwa kwa ajili ya mtu, kitanda chake na jiko. Mpiga besi aliyepanga humo hakuwa na pa kuweka spika yenye kimo cha friji. Alirudi nyumbani usiku na gitaa lake, kama lilikuwa lake, na spika ikabaki kwenye stoo ya klabu au kwa tajiri aliyeinunua.

Kwa wanamuziki wa Kenya na Tanzania, magitaa, ngoma, maikrofoni, amplifaya na spika zote ni "vyombo", na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. Mpigaji aliyekosana naye aliondoka na kipaji chake tu. Dansi la Nairobi lilijaa migawanyiko: Les Mangelepa walitoka kwenye bendi ya Baba Gaston mwaka 1976, na Les Wanyika wakatoka Simba Wanyika mwaka 1978. Kundi lolote lililojitenga lilikabiliwa na swali lile lile la kwanza: vyombo vitatoka wapi? Na katika vyombo vyote, mzigo uliowashinda watu ngazini ulikuwa spika ya besi.

Hapo awali besi haikuwa mzigo kabisa. Katika rekodi za gitaa kavu za miaka ya 1950 sauti nzito ilitoka kwenye kidole gumba kilichotembea juu ya nyuzi nene, na mdundo ukatoka kwenye chupa ya Fanta yenye mikunjo, iliyokwaruzwa kwa kipande cha chuma. Chombo cha mdundo kiliingia mfukoni. Huko Marekani kampuni ya Fender ilikuwa imeanza kuuza gitaa la besi la umeme mwaka 1951. Kufikia enzi ya twisti ya miaka ya 1960, wakati Equator Sound Band ya Fadhili William na Daudi Kabaka ikivuma, umeme ulikuwa umelishika dansi la Nairobi.

Umeme ndio ulioleta uzito, na sababu yake iko kwenye hewa yenyewe. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake la sauti lina urefu wa mita 8, yaani linapita urefu wa vyumba viwili vya Bahati vikiunganishwa. Kulisukuma wimbi hilo kunataka spika pana na kasha kubwa. J. Anton Hofmann, ambaye jina lake ndilo lililotoa herufi ya mwisho ya kampuni ya spika ya KLH iliyoanzishwa Marekani mwaka 1957, ndiye anayehusishwa na kanuni ambayo wahandisi huiita kanuni ya chuma. Kasha linaweza kuwa dogo, linaweza kutoa sauti nzito, na linaweza kupiga kwa nguvu bila kula umeme mwingi. Chagua mawili, la tatu litakuponyoka.

Kampuni ya Ampeg ilichagua sauti nzito na nguvu. Mwaka 1969 ilitoa SVT, amplifaya ya wati 300 iliyosukuma makasha yenye spika 8 za inchi 10 kila moja. Kasha la aina hiyo linalojulikana zaidi leo, SVT-810E, lina kilo 63 bila amplifaya. Hata hivyo kampuni hiyo hiyo ilikuwa imewafikiria wasafiri mapema, kwa B-15 Portaflex ya mwaka 1960, ambayo amplifaya yake hupinduliwa na kufungiwa ndani ya kasha lake wakati wa safari.

Kwa safari kama hizo Nairobi ilikuwa na mkokoteni. Barabara ya Jogoo ndiyo mshipa unaounganisha Makadara, Jericho na Kaloleni na katikati ya jiji, na kasha lililotakiwa kwenye ukumbi wa mtaa lingeweza kupita hapo limelazwa juu ya mbao, limefungwa kamba za mkonge, hamali mmoja akivuta mbele na mwingine akishikilia nyuma kwenye mteremko. Matatu za miaka hiyo, zilizohalalishwa mwaka 1973, nyingi zilikuwa pikapu zenye mabenchi, na kasha moja la besi lingekula nafasi ya abiria wanne. Aliyepiga ukumbi wa Kaloleni Jumamosi hakuahidi kupiga kwingine Jumapili mchana kabla ya kujua nani atasomba vyombo.

Taabu hiyo ilikuwa na thamani yake. "Sina Makosa" ya Les Wanyika ni ushahidi: besi ya Tom Malanga inaimba kama mwimbaji wa pili, inauliza, inanyamaza, inajibu. Anayeisikia kupitia redio ndogo anapata nusu ya wimbo. Vivyo hivyo muziki wa benga, ambamo besi hurukaruka chini ya gitaa la solo bila kupumzika. Muziki huu ulitungwa kwa watu waliotaka kuusikia kwa kifua, na haikuwa tamaa ya bure kuubebea kasha zito.

Kupungua kwa uzito hakukuanza na teknolojia, kulianza na mfuko. Bendi ya watu kumi ilipokuwa haiwezi tena kulipwa kwenye baa, mtu mmoja mwenye gitaa na kinanda chenye midundo alichukua jukwaa. Hiyo ndiyo mugithi ya "one-man guitar", iliyoenea mwishoni mwa miaka ya 1990 na majina kama Mike Rua na Salim Junior. Besi ilitoka kwenye kinanda, na vyombo vyote vikaingia kwenye buti la gari. Huko Dandora, kundi la Kalamashaka lilikuwa likirap juu ya besi ambayo haikuwa na nyuzi hata moja. Vijana wa Buruburu nao waliizoea besi ndani ya matatu za namba 58, ambamo mafundi walibana spika nzito chini ya viti na kuiendesha kwa betri ya gari.

Kilichomrudisha mpiga besi wa nyuzi ni sumaku. Sumaku ya neodimiamu, iliyotangazwa mwaka 1983 na watafiti wa Japani na Marekani, ina nguvu karibu mara 10 ya ile ya feraiti kwa ujazo ule ule, hivyo spika inaweza kupoteza kilo kadhaa za chuma bila kupoteza sauti. Amplifaya za daraja D, ambazo huwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa badala ya kuupoteza kama joto, zimefikisha wati 500 kwenye kisanduku kisichofika kilo 3. Kanuni ya Hofmann haikuvunjwa. Kasha dogo bado linataka umeme mwingi zaidi, ila sasa umeme huo haubebwi na transfoma ya kuvunja mgongo.

Kwa fundi wa makasha, hesabu inabaki ya mbao. Ubao mzima wa plaiwudi ya milimita 18 una kilo 30 na zaidi. Wa MDF hukaribia 40, na mvua ikiunyeshea pembe huvimba kama mkate. Kwa hiyo fundi mzuri hukata plaiwudi, hupaka gundi kila ungio, hutia skrubu, kisha hupitisha kiganja ndani akitafuta upenyo wa hewa, kwa sababu kasha linalovuja hupuliza na kukoroma kwenye noti za chini. Spika moja ya inchi 12 ndani ya kasha dogo haiwezi kutikisa sakafu ya ukumbi wa Makadara. Hiyo ni hasara, na wazee wa dansi wana haki ya kuisikitikia. Lakini kwenye kesha ya kanisa la mabati kule Kayole besi huunganishwa kwenye mixa, na kasha la mpigaji lina kazi ya kusikika kwake na kwa mpiga ngoma tu.

Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250, na boda boda zikajaa mitaani. Kipimo cha spika kikabadilika tena: kinachokaa kati ya dereva na abiria. Kasha la kilo 12 hukaa, gitaa mgongoni, amplifaya kwenye begi pamoja na waya. Siku za mvua mpigaji hupanda matatu, na makanga hulipima kasha kwa jicho kabla ya kufungua mlango. Likikaa mapajani, nauli ni ya mtu mmoja.