Upimaji wa jamii za mimea katika misitu ya pwani ya Kenya

Upimaji wa jamii za mimea ni kazi ya kuingia msituni kwa misimu tofauti, kuorodhesha kila mmea uliomo katika eneo dogo lililopimwa, yaani ploti, na kukadiria kila spishi imetanda kiasi gani. Kinachotafutwa ni mimea ipi huota pamoja, juu ya udongo gani, na ipi imeanza kupungua. Pwani ya Kenya kazi hii ina uzito wake, kwa sababu misitu iliyobaki ni vipandevipande, na spishi kadhaa hazipatikani ila katika vipande hivyo.

Msitu wa Arabuko-Sokoke katika Kaunti ya Kilifi, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, unaonyesha vizuri maana ya jamii ya mimea. Kwenye mchanga mweupe husimama miti ya Brachystegia iliyoachana, na jua hufika chini. Ukiingia kwenye mchanga mwekundu msitu hubana ghafla: hapo ni makao ya Cynometra webberi, yenye matawi yaliyosongamana. Bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, hukaa hasa humo. Hivyo ramani ya mimea humwambia mhifadhi pia bundi atafutwe wapi, na ni upande gani ukikatwa atakosa makao.

Msimu ndio unaoamua nini kitaonekana. Masika hushika pwani kati ya Aprili na Juni, vuli kati ya Oktoba na Desemba, na miezi ya kaskazi ina joto na ukavu. Mfano mzuri ni mimea ya jenasi Amorphophallus. Wakati wa kiangazi kiazi chake kimelala ardhini na juu hapana dalili yoyote. Mvua zikianza huchomoza ua peke yake, lenye harufu ya mzoga inayovuta nzi. Ua likinyauka ndipo hutoka jani moja lililokatikakatika, limetanda kama mwavuli juu ya bua lenye madoa. Aliyefika wakati wa jani hakuona ua, na bila ua ni vigumu kutenganisha spishi. Ndiyo maana ploti ileile hurudiwa. Wafadhili wanaolipia safari moja tu, tena wakati wa ukavu kwa kuwa barabara zinapitika, hupata orodha pungufu, na orodha pungufu ni hatari kuliko kukosa orodha, maana hutumiwa kama ushahidi kwamba mmea haupo.

Ploti nyingi za miti huwa na mita 20 kwa 20, au 50 kwa 20. Kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi hupimwa kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Ukiwa mteremkoni kipimo huanzia upande wa juu, na wenye mizizi-mbavu hupimwa juu ya mbavu hizo. Mimea midogo huhesabiwa ndani ya fremu ya mita moja ya mraba. Utando hukadiriwa kwa madaraja ya Mswisi Josias Braun-Blanquet, ambapo 5 ni zaidi ya robo tatu ya eneo na 1 ni chini ya asilimia 5. Usiposhuka magoti na kufunua majani makavu, fremu hiyo itakudanganya.

Vielelezo vya mimea iliyochumwa hukandamizwa kati ya magazeti na kukaushwa. Masika, ukungu ukitishia, furushi la magazeti hulowekwa spiriti na kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki mpaka moto au jua lipatikane.

Katika kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, hakuna anayeingia bila ruhusa ya wazee. Kaya Kinondo, katika Kaunti ya Kwale, mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia, na hachukui kitu. Mtafiti anayetaka kukata tawi hulieleza hilo mapema, na wazee wakikataa, mmea huandikwa bila kuchumwa. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilianzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani, na mwaka uliofuata ripoti ya Ann Robertson na Quentin Luke ikaieleza misitu hiyo mmoja baada ya mwingine. Kaya nyingi zilitangazwa kuwa mali ya taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia.

Kazi ya namna hii ndiyo iliyoonyesha jinsi mti wa Gigasiphon macrosiphon, wenye maua makubwa meupe, ulivyobaki katika misitu michache ya Kwale, ukiwemo ule wa Mrima, kilima chenye madini ya niobiamu.

Vielelezo huishia katika Hebaria ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, ambayo mkusanyo wake ulianzia Amani, Usambara, mwaka 1902 na kuhamishwa mwaka 1950. Humo ndimo jina huthibitishwa, na wakati mwingine humo ndimo mmea hubaki peke yake. Mti mrefu wa Karomia gigas ulikusanywa pwani ya Kenya mwaka 1977, kisha ukakatwa. Mwaka 1993 ulionekana Tanzania, ukapotea tena machoni mwa wataalamu, mpaka mwaka 2011 timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipoukuta katika msitu wa Kilwa, miti yenyewe ikiwa ya kuhesabika.