Vimeng'enya na vizuizi vyake katika ovari

Vimeng'enya vinavyobomoa tishu za ovari ni protini zinazokata nyuzi za kolajeni na viungio vingine vinavyoshikilia seli mahali pake. Vizuizi vyake ni protini ndogo zinazovikamata na kuvisimamisha. Kwa kazi ya pande hizo mbili yai hutoka, tezi ya muda iitwayo kopasi luteamu hujengeka palepale lilipotoka, kisha nayo huvunjwa, na ovari hubaki nzima.

Jijini Kigali jambo hili linaonekana zaidi kwa ng'ombe. Masaka, wilayani Kicukiro, kuna kituo cha uhimilishaji cha serikali ambacho mbegu zake za madume huwafikia wafugaji, na tangu mpango wa Girinka ulipoanza mwaka 2006 kaya nyingi maskini zimepata ng'ombe. Kwa mwenye ng'ombe mmoja, joto, yaani kipindi cha kutaka dume, lililopita bila kuonekana ni siku 21 nyingine za kungoja. Wahimilishaji hushika kanuni ya zamani: aliyeonekana kwenye joto asubuhi huhimilishwa jioni, wa jioni huhimilishwa kesho yake asubuhi. Homoni ya LH, inayochochea yai kutoka, hupanda ghafla karibu na mwanzo wa joto, lakini yai hutoka saa 25 hadi 30 baadaye. Sehemu kubwa ya muda huo ni kazi ya vimeng'enya.

Folikali iliyokomaa ya ng'ombe, yaani kifuko chenye yai, ina kipenyo cha milimita 12 hadi 20. Yai limezuiwa na utando wa msingi wenye kolajeni aina ya IV, tabaka la seli liitwalo theka, na juu kabisa ganda jeupe la ovari lililosukwa kwa kolajeni za aina ya I na III. Zamani ilidhaniwa kwamba maji ya ndani hujaa mpaka ukuta ukapasuka. Mwaka 1916 Schochet alipendekeza kwamba ukuta huyeyushwa, na vipimo vya baadaye vilimuunga mkono: shinikizo haliongezeki sana kabla ya kupasuka. LH huchochea prostaglandini na projesteroni. Kisha plasminojeni hugeuka kuwa plasmini, kimeng'enya kinachokata protini. Nayo plasmini husaidia kuamsha metaloproteinasi za matriksi, yaani MMP, ambazo hutolewa zikiwa bado hazifanyi kazi. MMP-1 na MMP-13 hukata nyuzi ngumu, MMP-2 na MMP-9 hushughulikia vipande vilivyobaki na utando wa msingi. Kilele cha folikali hukonda, hupauka kwa kukosa damu, kisha hufunguka.

Kimeng'enya cha kwanza cha kundi hili kilielezwa mwaka 1962 na Jerome Gross na Charles Lapiere, waliochunguza mkia wa kiluwiluwi unaoyeyuka anapokuwa chura. Binadamu ana MMP 23, zote zikitegemea madini ya zinki, na vizuizi vinne tu vya jamii ya TIMP. TIMP moja hufunga MMP moja. Ajabu ni kwamba panya walioondolewa plasminojeni bado hupevusha mayai, na waliokosa MMP-2 au MMP-9 bado huzaa. Njia ya kutokea yai haikuachiwa kimeng'enya kimoja.

Kopasi luteamu ya ng'ombe, yenye rangi ya machungwa na kichwa kilichochomoza juu ya ovari, hutengeneza TIMP-1 kwa wingi, na kizuizi hicho huilinda maadamu inahitajika. Mimba isipotunga, mji wa mimba hutoa prostaglandini F2α, na ubomoaji huanza. Kwa kondoo imeonekana kwamba TIMP-1 hupungua mapema sana, na uwiano wake na MMP-2 hubadilika. Daktari wa mifugo anayedunga prostaglandini ili ng'ombe kadhaa waingie joto pamoja huanzisha ubomoaji huohuo. Joto huonekana kati ya siku ya 2 na ya 5. Akidunga katika siku nne za mwanzo za mzunguko, kopasi luteamu changa haitikii.

Kwa wanawake, dawa za maumivu zinazozuia prostaglandini, kama indometasini, zikitumiwa karibu na siku za kupevuka zinaweza kuchelewesha au kuzuia folikali kufunguka, ingawa hedhi huja kama kawaida. Kuzuia MMP zenyewe kwa dawa hakujafanikiwa vivyo hivyo: tanomastati, iliyojaribiwa kwa saratani ya ovari, ilisitishwa mwaka 1999.

Ng'ombe mwenye mimba changa hutegemea kopasi luteamu kuishikilia, na sindano hiyohiyo ya prostaglandini huitoa. Kwa hiyo kila ng'ombe hupimwa mimba kwanza, kwa mkono au kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kabla ya kudungwa.