Selimundu

Mkulima wa skimu ya mpunga ya Mombo haelezwi mundu ni nini: chuma kilichopinda, mpini mfupi, makali kwa ndani. Ndiyo maana nalipenda neno selimundu. Chembe nyekundu ya damu iliyojikunja imepewa jina la shambani, kila mtu akaelewa.

Ila maabara haiishii kwenye umbo. Himoglobini, protini ya damu, huwekwa kwenye jeli yenye hali ya alkali, kisha umeme hupitishwa. Himoglobini A, ile ya kawaida, hukimbilia upande chanya. S, ile ya selimundu, iliyopungukiwa chaji hasi kwa kubadilika asidi amino moja tu, hubaki nyuma. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha tofauti hiyo kwa umeme mwaka 1949, tena bila jeli.

Aliyerithi S kwa mzazi mmoja na A kwa mwingine hutoa mistari miwili. Huyo si mgonjwa. Tena ana kinga kiasi dhidi ya malaria kali, ambayo huko Mombo kwenye joto husumbua zaidi kuliko Lushoto milimani kwenye baridi. Mitaani naye huambiwa "ana selimundu". Tuache hilo: huyo ni mbebaji, na aitwe hivyo.